Mlango wa Sentimita Mia na Sabini na Nane

Kosa ninaloliandika hapa ni kughushi kipimo. Sizungumzii kosa la mwenye duka anayepunja mzani, wala la mwanafunzi anayenakili jibu la jirani yake. Hao wanajua wanachoiba na wana haraka ya kukificha. Naandika juu ya mtu anayeshika futi ya chuma mkononi akijua tangu asubuhi namba anayotaka kuipata jioni, akausogeza mwanzo wa futi kidogo kidogo mpaka namba hiyo ikajitokeza, kisha akaamini kwa moyo wake wote kwamba ameigundua. Mtu huyo ni mimi.

Namba yenyewe ni moja nukta sita moja nane, na mkia usiokwisha. Chukua kamba, uikate vipande viwili visivyolingana, kwa namna ambayo kamba nzima ikigawanywa kwa kipande kirefu inatoa jibu lile lile linalopatikana kipande kirefu kikigawanywa kwa kifupi. Mahali pa kukata pako pungufu kidogo ya theluthi mbili ya kamba, na hapana pengine. Wanahisabati wanauita uwiano wa dhahabu, na nadhani jina hilo ndilo lililoanza kuwaharibu watu, maana dhahabu ikitajwa watu huacha kuuliza. Siku hizi simu zimejaa wahubiri wake. Wanachora mzingo wa gamba la konokono juu ya uso wa bibi harusi, juu ya hekalu la Wagiriki lililobomoka nusu, juu ya picha ya mawingu, na kila mara mzingo unakaa sawasawa, kwa kuwa mchoraji ndiye aliyeamua ulale wapi. Nawachukia watu hawa kwa chuki ya mtu aliyewahi kuwa mmoja wao.

Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari Handeni. Kwa miaka kadhaa ukuta wa darasa langu ulikuwa na jedwali kubwa la miili ya wanafunzi: urefu wa mtu mzima, urefu kutoka unyayo hadi kitovu, na jibu la kugawanya cha kwanza kwa cha pili. Majibu yote yalikuwa karibu na namba yangu. Mwanafunzi ambaye jibu lake lilikwenda kombo nilimwambia amejikunja, asimame vizuri, nikampima tena nikisogeza kidole juu ya sare pale ambapo kitovu kilipaswa kuwa. Waliokataa kufaa baada ya mara tatu sikuwaandika. Wageni wa shule walipolisoma jedwali walitikisa kichwa kwa mshangao, nami nilisimama pembeni na mikono nyuma kama mtu aliyeumba miili ile mwenyewe.

Huyo ndiye mwana ambaye mama yangu alimwomba amjengee nyumba.

Mama ni mzaliwa wa Kwamsisi. Baba alikuja Korogwe akiwa manamba kutoka mbali magharibi, akakata mkonge mpaka siku ya kufa kwake, na mama akabaki katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, kando ya barabara ya kwenda Moshi, kabla hujafika Mkumbara. Sisi tulizaliwa wawili tu. Kaka yangu alirithi kisu cha baba cha kukatia mkonge, nami nikarithi nafasi ya kusoma, kwa sababu nafasi ilikuwa moja na yeye alikuwa mkubwa mwenye mabega. Sikuwahi kumshukuru. Nilijifunza mapema kumwona kama mtu aliyebaki chini kwa uzito wake mwenyewe, na yeye alijifunza kuniita Mwalimu kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kumtaja ndugu aliyepatwa na ugonjwa wa aibu.

Uongozi wa shamba ulipotangaza kwamba nyumba za kambi zitabomolewa, na kila familia iwe imehama kabla ya masika, kaka alikuwa tayari na nyumba yake Mkumbara. Mama alikataa kwenda huko.

"Sitakwenda kukaa kwa mkamwana wangu nikimwomba chumvi," alisema. "Kiwanja cha baba yenu cha Manundu kipo. Nijengeeni vyumba viwili. Na mlango uwe kama huu."

Tulikuwa tumeketi mbele ya mlango huo aliouonyesha kwa kidevu. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, uliowekwa na wazungu wa mkonge wa zamani, na mama alikuwa ameuzungushia mkanda mpana wa udongo mwekundu ambao aliupaka upya kila mwaka baada ya mvua. Katika safu nzima ya nyumba za kambi, nyumba yetu ilijulikana kwa mlango huo. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba nyumba nyingine zilikuwa zimetengenezwa tu, lakini yetu ilikuwa imekusudiwa.

"Nitajua siri yake," nilimwambia mama.

"Siri gani? Ni mlango, baba."

Kesho yake niliupima. Upana wa nafasi ya kupita, mbao kwa mbao, ulikuwa sentimita themanini na nne. Urefu, mia mbili na tatu. Nikagawanya, nikapata mbili nukta nne na ushee. Mtu mwaminifu angeandika hivyo akaenda kunywa chai. Mimi nilirudi nyuma hatua tano, nikakunja jicho, nikajiambia kwamba jicho la mtazamaji haliuoni mlango peke yake bali linauona pamoja na mkanda wake mwekundu. Nikapima tena, kutoka ukingo wa nje wa mkanda upande huu mpaka ukingo wa nje upande ule: mia na ishirini na tano. Urefu nikauacha ule ule wa mia mbili na tatu, ingawa mkanda ulipita pia juu ya mlango. Mia mbili na tatu kwa mia na ishirini na tano ni moja nukta sita mbili. Nikacheka peke yangu pale barazani. Nilikuwa nimeuhesabu mkanda wa kando na kuusahau mkanda wa juu, na sikusahau kwa bahati mbaya. Nilisahau kwa ustadi.

Jioni niliwatangazia mama na kaka kwamba uzuri wa mlango wa kambi ulitokana na sheria ile ile inayopanga mbegu za alizeti na macho ya nanasi, na kwamba nyumba ya Manundu ningeichora yote kwa sheria hiyo. Mama aliomba mlango. Mimi nilikuwa nimeamua kumpa uwiano. Hakuniuliza kitu. Alidhani ni maneno ya kisomi ya kusema ndiyo.

Kaka ndiye aliyesema. "Mlango ni mlango. Chukua kipimo, mpe fundi."

"Wewe unaona mbao," nilimjibu. "Mimi naona kanuni."

"Basi kanuni ndiyo utaifungua asubuhi."

Kwa kuwa sikupenda kaka awe na neno la mwisho, nilimtaka anipeleke mkongeni siku ya pili. Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kumnyamazisha kwa kutumia mmea wake mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu nanasi sokoni Korogwe, mistari minane ikipinda upande mmoja na kumi na tatu upande wa pili, na nilijua mfuatano huo ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: tatu, tano, nane, kumi na tatu, ishirini na moja, na kuendelea, na kwamba kadiri unavyopanda, namba ikigawanywa kwa iliyoitangulia inausogelea uwiano wa dhahabu. Nilikuwa nimesoma kwamba mkonge nao uko hivyo. Nilitaka kaka akiri kwa mdomo wake.

Tulifika kabla jua halijawa kali. Aliusogelea mche uliokomaa, akaweka ncha ya kisu kwenye shina la jani la chini.

"Anzia hili. Hesabu yanayofuata."

Akahamisha kisu, upande mwingine kabisa wa mche na juu kidogo. Kisha upande mwingine tena. Aliuzunguka ule mche kwa mwendo ambao haukuwa na kusita, kama mtu anayepita sebuleni kwake gizani. Nilihesabu kwa sauti. Niliposema kumi na tatu, kisu kilikuwa kimerudi juu ya jani tuliloanzia, karibu sawa kabisa.

"Ulijuaje?" niliuliza.

"Nimekata hivi tangu wewe unavaa kaptura. Ukipoteza mzunguko unakata jani lisilo lako, na msimamizi anakutukana. Kila mkataji anajua. Hiyo ni habari mpya kwako tu."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Badala yake nilimhubiria. Nilimweleza kwamba kila jani linachomoza likiwa limeachana na lililotangulia kwa pembe ile ile, digrii mia na thelathini na saba na nusu hivi, na kwamba pembe hiyo ni duara lililokatwa kwa uwiano wa dhahabu, na kwamba hapa Mungu ameandika kanuni ya uzuri kwa mkono wake.

"Mungu ameliweka jani hapa lisimkingie mwenzake jua," alisema kaka. "Majani yakilaliana, la chini linanyong'onyea, nyuzi zinakuwa fupi. Mmea unatafuta nafasi. Sasa niambie, mlango wako unamkingia nani jua?"

"Ni kanuni ya uzuri, kaka. Huwezi kuielewa kwa kisu."

Aliupandisha mkono wa shati akanionyesha kovu lililotoka kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono, mahali ambapo ncha ya jani ilimpasua miaka mingi kabla. "Uzuri wenyewe huu hapa," alisema. "Busu."

Nilipanda basi la Korogwe nikiwa na hakika kwamba nimeshinda, kwa kuwa hesabu ilikuwa upande wangu. Na kweli, kuhusu mkonge, hesabu ilikuwa upande wangu. Ndiyo sumu ya kosa hili. Uwiano ule si uongo. Ni kweli mahali ambapo ni kweli, na mmea una sababu yake ya kuufuata, na sababu hiyo inaweza kuelezwa na mtu yeyote mwenye subira. Mimi niliuchukua ukweli wa mmea nikaufanya kibali cha kusema uongo juu ya mbao.

Nyumba niliichora kwa wiki nzima. Nilichukua namba tatu zinazofuatana katika ule mfuatano, hamsini na tano, themanini na tisa, mia na arobaini na nne, nikaziongeza mara mbili. Ukuta wa mbele ukawa na kimo cha sentimita mia mbili themanini na nane. Mlango ukawa na kimo cha mia na sabini na nane na upana wa mia na kumi. Ukuta kwa mlango, kimo kwa upana, kila kitu kilitoa jibu lile lile, na karatasi ilipendeza macho. Sikatai mpaka leo kwamba ilipendeza.

Fundi mwashi alikuwa mtu wa Manundu, mwembamba, mwenye tabia ya kujibu swali kwa kutazama timazi yake, ile kamba yenye kizito ya kupimia unyoofu wa ukuta. Aliishika karatasi yangu muda mrefu.

"Mwalimu, moja sabini na nane? Huu ni mlango, au ni dirisha lililochoka?"

"Kazi yako, fundi, ni kufuata mchoro."

"Nafuata, mzee. Nauliza tu wanaoingia ni akina nani."

"Ni mama yangu. Ana kimo cha mia na hamsini na mbili. Nimempima mwenyewe. Ataingia na nafasi itabaki."

Kaka alikuwa ameketi juu ya rundo la tofali akichonga kijiti. Aliuliza bila kuinua uso, "Ulimpima akiwa amebeba nini?"

Nililichukua swali lile kama dhihaka, mojawapo ya zile alizozoea kunitupia mbele ya watu. Nilimgeukia fundi nikamwambia kwamba katika nyumba hii kuna mwenye mchoro mmoja, na kwamba asiyejua tofauti ya hisabati na umbea asikae karibu na kazi. Fundi alitazama timazi. Kaka alisimama, akapangusa suruali, akasema, "Mama ndiye mwenye nyumba, Mwalimu, si karatasi," akaondoka.

Nilikuja Manundu mara chache, kwa sababu ya vipindi. Mara ya mwisho niliukuta ukuta wote umepigwa lipu ya saruji, isipokuwa kipande juu ya mlango, ambacho fundi alikuwa akikipiga kwa udongo na chokaa. Nilimkaripia kwa nini anabana saruji mahali panapoonekana kuliko pote. Alisema hapo hapabebi kitu, ni pambo tu, na rangi itafunika. Nilimwita mvivu mbele ya msaidizi wake, nikarudi Handeni.

Siku ya kuhamia ilikuwa Jumamosi, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa kwenye milima ya Usambara bila kushuka. Kambini upande wa chini wa safu ulikuwa umekwisha kuezuliwa mabati. Tulivipakia vitu vya mama kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na majirani wa Manundu, wanawake watano au sita, walikuja kumpokea, kwa kuwa wengine walikuwa wamekulia kambi moja naye.

Kwa wanawake wa ukoo wa mama, nyumba mpya haiingii kiti wala godoro kabla ya maji. Mwenye nyumba huyabeba mwenyewe kichwani, akapita mlangoni bila kushusha na bila kusaidiwa, akayatua ndani. Nilijua jambo hilo. Nilikuwa nimemwona mama akiingia kwenye nyumba ya kambi na ndoo kichwani kila siku ya utoto wangu, asubuhi na jioni, mkono mmoja ukining'inia, shingo imenyooka. Na katika wiki nzima ya kuchora, picha hiyo haikunijia hata mara moja. Nilikuwa nimempima mama yangu akiwa mikono mitupu, kisigino mpaka utosi, kama wanavyosimama watu wa kwenye vitabu vya uwiano, uchi na mikono wameinyoosha, watu wasio na ndoo, wasio na kuni, wasio na mahali pa kwenda.

Alichota kwenye bomba la jirani. Akajitwika. Akaja polepole mpaka kizingitini, akasimama.

Hakuhitaji futi. Alitazama juu ya mlango, na nafikiri alielewa yote kwa kutazama mara hiyo moja. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini isiyokusudiwa kuwa ya chini sana, "Apige magoti basi." Mwingine akasema, "Labda Mwalimu alijenga banda, sisi hatukuambiwa." Wakacheka kwa pua.

"Mama, tua nikupokee," nilisema. "Nitakuingizia mimi."

Hakunitazama. "Baba yenu," alisema, akiwa bado na ndoo kichwani, "alitoka mlango wa kambi juu ya mabega ya watu. Hawakuinama. Jeneza lilipita limenyooka mpaka barabarani. Mimi siku yangu mtanitoaje hapa? Mtaniburuta?"

"Mama, mlango huu una vipimo sawa na ule. Nimeuchukua uwiano wake."

"Ule naujua," alisema. "Nimeupaka udongo miaka arobaini."

Akageuka na ndoo yake, akavuka uwanja, akayamwaga maji yote kwenye shina la mpapai wa jirani. Kisha akapanda kirikuu, akakaa mbele kwa dereva, akasubiri arudishwe kambini. Hakuna aliyemshika mkono. Vitu vyake vikarudi naye, na godoro likining'inia nyuma.

Nilimfuata kwa bodaboda nikiwa na hasira, na aibu niliihisi baadaye sana. Ukweli lazima usemwe kwa mpangilio wake. Niliwaza kwamba nimezungukwa na watu wasioweza kuona. Niliwaza hotuba. Nilipofika, mama alikuwa ndani na mlango umefungwa, na kaka alikuwa amesimama nje, futi yangu ya chuma mkononi, ile niliyoisahau barazani siku ile ya kwanza.

"Umesema vipimo ni sawa na huu," alisema.

"Uwiano. Si vipimo."

"Twende kwenye uwiano. Shika huku." Alinipa ncha ya futi. "Ulianzia wapi?"

Nilitaka kukataa, lakini wajumbe wawili wa kambi walikuwa wamesimama pale wakingoja kuambiwa nyumba itaachwa lini. Niliweka ncha kwenye ukingo wa nje wa mkanda mwekundu.

"Hapo? Mlango unaanzia kwenye udongo wa mama?"

"Jicho linauona mkanda pamoja na mlango."

"Sawa. Mia na ishirini na tano. Sasa urefu." Aliivuta futi kutoka kizingiti mpaka kwenye mbao ya juu. "Mia mbili na tatu. Ukasimama hapa?"

Niliinama kuishika ncha ya futi pale kizingitini.

"Mkanda huu wa juu, jicho haliuoni? Au siku ile lilikuwa limesinzia?" Aliivuta futi mpaka mwisho wa udongo. "Mia mbili ishirini na tatu. Gawa, Mwalimu."

"Kaka, acha."

"Gawa. Mimi sikusoma."

Niligawa. Nilisema moja nukta saba nane. Akaniambia nigawe bila mkanda wowote. Nikasema mbili nukta nne. Mmoja wa wajumbe aliuliza, kwa udadisi wa kweli kabisa, ni ipi sasa ya dhahabu. Kaka alisema, "Ile aliyoipenda," akaikunja futi, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha kitu kichafu kwa mwenyewe.

Nimewaadhibu wanafunzi kwa kosa dogo kuliko hilo. Nimewahi kumfukuza mmoja darasani kwa kubadili tarakimu moja katika zoezi la vipimo, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anayedanganya kwenye kipimo atadanganya kwenye ndoa na kwenye kaburi. Maneno hayo yalinirudia pale mbele ya mlango wa mama, yote, kwa sauti yangu mwenyewe. Sikuyapenda.

Wajumbe walisema mama ana mpaka Jumatano. Mvua ilianza kudondoka usiku huo huo, matone machache mazito juu ya mabati yaliyobaki.

Jumapili alfajiri nilikuta kaka ameung'oa mlango wa kambi, pamoja na fremu yake yote, bila kuipasua. Mama aliketi kwenye baraza karibu na shimo lililobaki, amejifunika kitenge, akisimamia kila msumari. Tuliubeba mlango mpaka kwenye kirikuu sisi wawili, mimi ncha moja na kaka nyingine, na neno pekee alilonipa njia nzima ni "inua".

Fundi alikuwa ananisubiri Manundu, nyundo mkononi, kana kwamba alipewa miadi. Nilimwambia kwamba mlango huu hauingii. Kwamba lenta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango, iko chini mno. Kwamba kuivunja ni kuubomoa ukuta wa mbele wote, na masika imefika. Nilimwambia hayo kwa ukali, kwa sababu ukali ndio uliokuwa umenibakia.

Fundi aliing'oa kwanza fremu yangu ya mia na sabini na nane, akaiegemeza ukutani. Kisha akakipiga kile kipande cha udongo na chokaa juu ya mlango, mara moja, bila nguvu nyingi. Lipu ilianguka kama ganda la yai. Nyuma yake kulikuwa na tofali zilizopangwa kwa udongo mtupu, mistari minne, ambazo aliziondoa kwa mkono moja moja na kuziweka chini bila kuzivunja. Juu ya tofali hizo, mahali pake pa haki tangu siku ya kwanza, ilikaa lenta ya zege. Nilipima, kwa kuwa ni tabia yangu. Mita mbili na sentimita kumi. Fremu ya kambi iliingia chini yake kana kwamba ilikuwa imetoka humo asubuhi ile, na kando palibaki nafasi ya vidole vichache vya kujaza saruji.

"Nilikuita mvivu," nilimwambia fundi.

"Uliniita, mzee."

"Nani alikuambia ujenge hivi?"

Alifungua mfuko wake wa vifaa, akatoa kamba ya mkonge iliyosokotwa kwa mkono, yenye mafundo matatu. Aliinyoosha mlangoni. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa fremu ya kambi. La pili, alisema, ni mama akiwa amebeba ndoo. La tatu ni mlango wenyewe. Aliletewa kamba hiyo kabla ya kuchimba msingi, na aliyeileta alimwomba asiniambie kitu, anipe nafasi nilione kosa langu mwenyewe. Na kama sitaliona, mlango wa kweli uwe umekwisha kujengwa nyuma ya lipu.

Mama aliingia saa nne hivi, maji kichwani, shingo imenyooka, na ndoo ikapita chini ya mbao ile na nafasi ya kiganja. Hakusema neno kwangu siku hiyo wala wiki hiyo. Mvua ilishuka jioni. Jumatatu, kabla wanafunzi hawajaingia, nililibandua jedwali la miili kutoka ukutani, nikawaeleza darasa zima nilivyolipata, namba kwa namba, nikiwataja kwa majina wale niliowaacha nje. Nao walinitazama kama wanavyopaswa kumtazama mtu wa namna hiyo. Sasa tunahesabu nanasi na mkonge tu, na kinachokataa kufaa tunakiandika vile vile kilivyo.

Kamba bado ninayo. Aliyeifunga mafundo hakupata kuniambia kwamba aliifunga, nami sijapata kumshukuru kwa mdomo, kwa kuwa hatujazoea. Nimeandika haya yote ili nifike hapa na kumtaja aliyeuokoa mlango wa mama: mkata mkonge, kaka yangu.